ANAYETUOMBEA ANAKULA WAPI?

Msimu uliopita wa kuvuna mahindi nilikuwa mgeni Kibomet, kiungani mwa mji wa Kitale. Mwenyeji wangu ni Muislamu mwenzangu, mtu wa asili ya Mombasa, ambaye biashara ya nguo ilimpeleka bara angali kijana, na tangu hapo harudi pwani ila kwa harusi na maziko. Sisi watu wa pwani tukifika huko jambo la kwanza ni kulalamikia baridi, na mimi sikutoka katika ada hiyo. Asubuhi ya Jumamosi nikatoka nje kuota jua, nikamwona jirani akipukuchua mahindi juu ya turubai, yeye na mkewe na watoto wao wawili, vumbi limewajaa nyusi.

Jumapili nikamwona tena. Sasa kavaa koti na tai, Biblia kwapani, anakwenda kufungua kanisa dogo la mabati. Nikamwuliza mwenyeji wangu, "Kumbe huyu ni nani?" Akanijibu, "Huyo ndiye pasta wao."

Jioni nikapita kumwamkia. Ni mtu wa Bungoma, kalelewa katika kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Waquaker, na babake alihamia Trans Nzoia mashamba ya Wazungu yalipokuwa yakikatwa vipande. Mazungumzo yalipokolea nikamwuliza mshahara wake ni kiasi gani. Alicheka. "Mshahara wangu uliuona jana juu ya turubai, Mzee. Watu wakivuna huniletea gorogoro la maharagwe, au kuku, au nauli ya kwenda kumzika mtu mbali. Wasipovuna, mimi nami sikuvuna, basi tunaomba pamoja." Kisha akanigeuzia swali, wala hakulikusudia ubaya: "Na shehe wenu wa hapa anakula wapi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa na mwenyeji wangu kwamba maalim wa msikiti mdogo wa upande ule ameacha kusomesha, anaendesha bodaboda. Aliahidiwa mshahara na waliomwita, mwezi wa kwanza akalipwa, wa pili akalipwa nusu, wa tatu akaombwa subira. Ana mke na mtoto mchanga. Watoto waliokuwa wamefika juzuu ya tatu sasa wanacheza mpira saa za chuo. Na mimi niliyekuja na fahari ya mtu wa pwani, ambako dini ina karne nyingi, sikuwa na jawabu la kumpa mkulima yule.

Msomaji asinielewe vibaya. Dini ya pasta yule na yangu ni mbali mbali, wala sikuandika haya kumsifia mafundisho yake. Lakini hekima ni kitu kilichompotea muumini, akiikuta popote huiokota. Swali la mhudumu wa dini atapata wapi riziki yake ni swali la kila umma, na zaidi ni swali la watu waliohama, kwa sababu aliyehama ameacha nyuma misikiti na makanisa yaliyojengwa na mababu, na kila kitu hapana budi akianze upya kwa mfuko wake.

Trans Nzoia ni nchi ya wahamiaji. Serikali ya kikoloni iliwapa walowezi wa Kizungu ardhi ile, hasa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na wenyeji wake, Wasabaot na jirani zao, wakasukumwa pembeni. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba makubwa yakagawanywa; mengine serikali ikayafanya miradi ya makazi, mengine yakanunuliwa na wananchi waliochanga fedha katika vyama na makampuni. Wakaja Wabukusu na Waluhya wengine, wakaja Wakikuyu, Waturkana, Wateso na wengineo. Pamoja nao zikaja dini zao. Hao Marafiki, kwa mfano, walianza Kaimosi mwaka 1902 kwa Wamarekani watatu, wakaenea mpaka Lugulu huko Bungoma, na waumini walipohamia mashambani kanisa likahama nao.

Mtu akitaka kuona jambo hili kwa urefu wake, atazame habari za watu wanaoitwa Wamenno. Jina lao limetokana na Menno Simons, kasisi wa Kiholanzi aliyeuacha ukasisi wa Kikatoliki mwaka 1536. Ni Wakristo wasiokubali kushika silaha wala kula kiapo, na kwa ajili hiyo wamehamahama sana. Wengi walikaa Urusi ya kusini wakilima ngano, na serikali ya huko ilipotangaza kuwa vijana wote watatumikia jeshi, wakaanza kuondoka. Kuanzia mwaka 1873, kwa muda wa miaka kama kumi, zaidi ya 15,000 walivuka bahari wakaenda katika mbuga za Marekani na Kanada: Kansas, Nebraska, Manitoba na kwingineko. Mbuga zile hazina mti wa kukatia boriti, na baridi yake baridi ya Kitale haioni ndani.

Wahudumu wa makanisa yao hawakuwa na mshahara. Mhubiri alikuwa mkulima kama jirani yake. Alichaguliwa na waumini wenyewe, na mara nyingi uchaguzi ulikuwa wa maisha. Katika Wamenno wa Pennsylvania walikuwa wakipiga kura ya bahati: vitabu vinapangwa mezani sawasawa na idadi ya waliotajwa, katika kimoja kimefichwa kikaratasi, na atakayekiokota chenye karatasi ndiye. Mtu aliamka asubuhi mkulima, akalala usiku mhubiri, na shamba halikupungua hata hatua moja. Siku sita analima, usiku anasoma kwa taa, siku ya saba anahutubu. Akiitwa kwa mgonjwa wakati wa mavuno, huenda, na mkewe na watoto wakabaki na ngano. Nadhani katika habari za watu hawa wake ndio waliobeba mzigo mzito kuliko wote, na majina yao ndiyo machache vitabuni.

Desturi hii ilikuwa na faida moja kubwa. Asiyelipwa hanunuliki. Tajiri wa kijiji hawezi kumwambia punguza ukali wa maneno yako, la sivyo nitakukatia. Lakini ilikuwa na hasara pia. Mwenye shamba kubwa na wana wengi aliweza kuuchukua uhudumu bila kuanguka. Fukara akichaguliwa, hufukarika zaidi. Na mtu aliyechoka na jembe hana muda wa kutafuta elimu, akabaki kurudia aliyoyasikia kwa babake. Kwa sababu hizo makanisa mengi ya watu hao, karne ya 20 ilipokuwa ikisonga mbele, yaliacha desturi ya zamani yakaanza kuajiri wachungaji waliosomea kazi na kuwapa mshahara.

Watu hao si wageni kwetu Afrika Mashariki. Wamenno wa Pennsylvania walifika Shirati, mashariki ya ziwa Victoria, mwaka 1934, na mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Walifika Somalia pia mwaka 1953, katika nchi ya Waislamu watupu, wakafungua shule na tiba. Mwaka 1963 serikali ya Somalia ilipoamuru Uislamu usomeshwe katika shule zote za binafsi, walikubali, na shule zao zikaendelea mpaka zilipotaifishwa katika miaka ya sabini. Mmoja wa waliosomesha huko, David Shenk, baadaye aliandika Nairobi kitabu cha mazungumzo pamoja na Muislamu wa Uganda, Badru Kateregga, kikatoka mwaka 1980. Kila mmoja alieleza dini yake na kumjibu mwenzake bila matusi. Twaweza kutokubaliana nao katika mengi, lakini adabu ya mjadala ni adabu.

Sasa turudi kwetu. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo, akala kwa biashara yake, na yeye na wanafunzi wake wa mwanzo hawakuona kuwa yafaa kuchukua ujira kwa kusomesha Kurani. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu watu wa pwani, aliruhusu. Wanazuoni wa Kihanafi waliokuja baadaye nao waliruhusu, kwa hoja ambayo kila mzazi wa leo aisikilize: waliona kwamba watu wameacha kuwakirimu walimu, na kama walimu hawatalipwa, Kurani itapotea vifuani mwa watoto.

Na kipo kisa cha Sayyidna Abubakar. Alipopewa ukhalifa, kesho yake alionekana anakwenda sokoni, nguo za kuuza begani. Sayyidna Umar akamzuia, akamwambia umekwisha kuchukua mambo ya Waislamu. Akajibu, watu wangu watakula nini? Ndipo masahaba wakamkatia posho katika hazina. Tunakisimulia kisa hiki tukimsifu Abubakar kwa unyenyekevu wake. Ni sawa. Lakini tunawasahau wale waliokutana siku ile ile wakalimaliza jambo, bila kumwombea dua kwanza kwa miezi mitatu.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na dawa, nayo ni wakfu. Mtu alitenga minazi kumi, au duka, au nyumba, pato lake liendeshe msikiti na anayeuhudumia. Maalim hakuwa mwombaji, wala hakuwa mtumishi wa tajiri fulani aliye hai, kwani aliyetoa amekwisha kufa na hawezi tena kumwamrisha mtu. Tazama hapo walivyoyapatanisha mambo mawili ambayo Wamenno wa mbugani hawakuweza kuyapatanisha: uhuru wa ulimi, na tumbo kupata chake. Lakini wakfu nyingi zimeharibika mikononi mwetu. Minazi imezeeka haikupandwa mingine, nyumba zinakodishwa kwa kodi ya zamani, na mipaka ya mashamba imelika.

Nami nitoe ushahidi juu ya nafsi yangu. Maalim aliyenifundisha alifu kwa kijiti alikuwa akishona kofia huku akitusikiliza, na hakuna aliyekosea herufi akaponea kofia. Kila Alhamisi tulitakiwa kupeleka senti zake. Nyingine mimi nilizila kwa mabungo na kashata, na hakuniuliza hata siku moja. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kuandika magazetini, nikamtungia mashairi ya kumsifu, watu wakayapenda. Alipokufa, mwanawe alinionyesha daftari la duka la jirani: deni la unga na mafuta ya taa la miezi mingi. Mashairi yangu yalikuwa yamebandikwa ukutani juu ya kitanda chake. Tangu siku ile sipendi kuyasikia yakisomwa. Mahali pake nimeweka ubeti huu, ambao kwa kweli najiambia mwenyewe:

Maalimu ana njaa, huku mwana asomeshwa,
Dua haiwashi taa, wala mtu hakulishwa,
Sifa tupu ni balaa, kwa mwenye njaa kuvishwa,
Tusimwachie Jalia, deni lililo la kwetu.

Wako watakaosema kwamba maalim akilipwa atasomesha kwa ajili ya fedha, ikhlasi itaondoka. Nawajibu kwamba ikhlasi ya maalim ni baina yake na Mola wake. Sisi tumepewa kazi nyingine, nayo ni kutomdhulumu. Tena husema hivyo watu ambao humlipa mwalimu wa hesabu wa jioni kabla hajakaa kitini. Wako pia watakaosema, na alime kama yule pasta. Vema, lakini pasta ana shamba alilorithi kwa babake. Maalim tunamwita kutoka Lamu au Mombasa na mkoba mmoja, tunampa chumba nyuma ya msikiti, kisha twasema alime. Alime wapi?

Rai yangu ni hii. Waislamu wa Kitale, Bungoma na miji mingine ya bara waifanye wakfu ya bara. Pwani tuliweka minazi. Kule mali ni mahindi. Jamaa wa msikiti wachange wanunue ekari moja au mbili, hati iandikwe kwa jina la wakfu wala si kwa jina la mwenyekiti, walime pamoja wakati wa mvua kubwa, na gunia za mavuno ziwe za maalim na chuo. Mwenye trekta atoe trekta siku moja, mwenye mbolea atoe mfuko. Maalim akitaka kushika jembe na ashike, si aibu. Nabii Daudi alikula kwa kazi ya mikono yake. Lakini asishurutishwe kuchagua baina ya msahafu na pikipiki. Na sisi wa pwani tusijione tumesalimika. Kila msomaji amuulize maalim wa mtaa wake, kwa adabu na kwa faragha, jana usiku alikula nini, na wakfu wa msikiti wake uko wapi.

Nilipoondoka Kibomet, pasta alikuwa anashona magunia kwa sindano kubwa. Tuliagana vizuri. Hakulirudia swali lake, na nilimshukuru kwa hilo, maana jawabu lilikuwa bado sina. Mwenyeji wangu amenipigia simu wiki hii kuwa wamekwisha kukaa mara mbili kuzungumza habari ya ekari, na kwamba bodaboda bado inakwenda.

Wallahu aalam.