Hata katika mchezo, kazi ya mtu isitoke katika damu

Kijana wa Kivu aliyepita kwenye vizuizi vya barabara anajua swali linalotangulia yote: wewe ni wa wapi, na baba yako anaitwa nani? Hakuna anayemuuliza anajua kufanya nini. Jina likishasikika, amekwisha kupimwa. Swali hilo limeingia hata katika michezo ya mezani, na wako wanaolitetea wakisema: ni mchezo tu. Wanakosea.

Mchezo unaohusika ni Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974 katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji umeme wala simu. Watu wanaketi na karatasi, kalamu na dadu. Mmoja anasimulia hadithi na kuweka hatari njiani. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo atafanya nini. Dadu inaonyesha kama amefaulu. Kadiri anavyofaulu, ndivyo mhusika anavyopanda ngazi na kuongezewa nguvu.

Kila mhusika ana kazi yake. Mwanzoni kazi zilikuwa tatu: mpiganaji, mwenye uchawi na kuhani. Hapo wazo lilikuwa zuri kabisa. Mpiganaji anavaa chuma na kusimama mbele, lakini uchawi haujui. Mwenye uchawi anaweza kuunguza kundi zima la maadui, lakini mwili wake ni dhaifu, na akimaliza uchawi wake wa siku, amemaliza. Kuhani anaponya na kufukuza wafu wanaotembea. Hakuna anayejitosha. Asiyejali mwenzake harudi nyumbani.

Ubaya uliingia kwa mlango mwingine. Kitabu hicho hicho kilisema mwanadamu achague kazi anayotaka na kupanda bila kikomo. Lakini mdwafu, yule mtu mfupi mwenye ndevu anayechimba milima katika hadithi za Ulaya, aliruhusiwa upiganaji tu, na akifika ngazi ya 6 hapandi tena. Mwaka 1978 kitabu cha wachezaji kiliandika hata kikomo cha nguvu za mwanamke, chini ya kile cha mwanaume. Mwaka 1981 toleo la wanaoanza, lililohaririwa na Tom Moldvay, lilikwenda mbali zaidi: mdwafu ikawa kazi yenyewe. Mwanadamu ni mpiganaji, kuhani, mwizi ama mwenye uchawi. Mdwafu ni mdwafu. Amezaliwa, basi kazi imekwisha kuchaguliwa.

Watetezi wana hoja mbili. Ya kwanza ni usawa. Mdwafu anaona gizani, na uchawi haumwingii kwa urahisi. Wanauliza: asipowekewa kikomo, nani atakubali kuwa mwanadamu?

Hoja hiyo inaanguka watu wakianza kucheza. Kabla ya kufika kikomo, mdwafu anakula faida zake zote, na mwenzake mwanadamu ananung'unika. Baada ya kikomo, wenzake wanapanda naye amekwama, na mchezaji wake anabaki kutazama wengine wakicheza. Huo si usawa. Ni kumwonea mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni. Anayetaka usawa apunguze faida yenyewe, ama ampe mwanadamu faida yake. Toleo la mwaka 2000 lilifanya hivyo: vikomo viliondolewa, kila mtu akaruhusiwa kazi yoyote, na mwanadamu akapewa ujuzi wa ziada. Mchezo haukufa.

Hoja ya pili ni mila. Wanasema mdwafu akifanya kila kazi, atapoteza udwafu wake. Lakini mama mkulima aliyekimbia Masisi na sasa anauza maandazi Goma hakuacha kuwa mtu wa Masisi. Mila inaonekana katika namna mtu anavyofanya kazi: jinsi anavyosalimu, anavyoimba, anavyozika wafu wake. Haihitaji katazo mlangoni ili iishi.

Mwaka 2024 kitabu kipya cha wachezaji kiliacha neno la zamani lililogawanya watu kwa mbari. Pia nyongeza za nguvu na akili hazitoki tena katika kuzaliwa. Zinatoka katika maisha mhusika aliyoishi: alikuwa mkulima, fundi, askari. Ni vema, lakini imechukua miaka 50. Deni lililolipwa kwa kuchelewa hivyo halistahili vigelegele.

Hapa kwetu kijana anaweza kubuni mchezo wake kwa daftari moja na dadu moja. Asirudie kosa hilo. Kazi izaliwe kutokana na shida. Kazi ya kuhani ilianza hivyo kwenye meza ya Arneson: mchezaji mmoja alikuwa na mhusika mnyonya damu aliyewashinda wote, ikabidi apatikane wa kumzuia. Jamaa zilizokimbia vita zinajua shida nyingine: nani anajua njia ya msituni usiku, nani anazalisha mama barabarani, nani anasukuma chukudu yenye mizigo ya watu watatu, nani anazungumza na wenye silaha mpaka wafungue njia. Hizo zote ni kazi za kuandikwa. Kila moja ipewe jambo ambalo wengine hawaliwezi, na udhaifu unaoilazimisha kuwahitaji wengine. Tena yeyote aruhusiwe kuichukua, awe binti ama kijana, awe wa kijiji chochote.

Watoto walio kambini wamekwisha kuulizwa vya kutosha wametoka wapi. Kwenye karatasi ya mchezo waulizwe wanataka kufanya nini.