Ukubwa Si Bure: Gemu za Evolusheni Ziache Kutudanganya

Wasee, leo nitawaudhi kidogo. Zile gemu za evolusheni mnazosifu zinatudanganya.

Chukua Spore, iliyotoka 2008. Unaanza kama kiumbe kidogo majini, unakula, unakuwa mkubwa, halafu unakula waliokuwa wanakukimbiza. Mwili uuchore kama ndizi ama kama chapati, ni sawa tu. Nguvu inatoka kwa sehemu unazobandika, umbo lenyewe halina gharama. Sasa mtu akisema seli kwa gemu ilipie saizi na umbo lake, mnalia ati itaboesha. Itaboesha nani?

Hesabu ni hii. Seli ya mviringo ikiongeza upana mara 2, ngozi yake inaongezeka mara 4, lakini ujazo wa ndani unaongezeka mara 8. Na chakula kinapitia kwa ngozi. Watu wa Pipeline mnaijua hii stori: wapangaji mara 8, mifereji mara 4. Lazima kuwe na foleni ya mitungi. Ndio maana seli haivimbi tu. Inagawanyika, inajirefusha, ama inajikunja ipate ngozi zaidi.

Cheki chembe nyekundu ya damu yako. Ni kisahani kilichobonyea pande zote mbili, kinajipinda kupita kwa mishipa myembamba sana. Umbo likiharibika je? Nilisoma Kayole na kijana mwenye selimundu. Chembe zake zilikuwa zinapinda kama mundu, zinakwama njiani, anaumwa hadi analia. Sisi tulimwita mvivu. Manze, hiyo bado inaniuma.

Na jeni hiyo ina sababu ya kuwepo. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia hapa Kenya, alichapisha kazi iliyoonyesha kuwa ukirithi nakala moja, unapata kinga dhidi ya malaria. Ukirithi mbili, unaugua. Ndio maana imejaa zaidi Pwani na kando ya Ziwa, kwenye mbu, kuliko nyanda za juu.

Evolusheni ni hiyo. Haina levo ya juu wala bosi wa mwisho. Ina bei, na bei inategemea mahali.

Kwa hivyo watengenezaji gemu, wekeni hiyo bei. Mtoto wa Dandora akicheza, ajue mwenzake mgonjwa si toleo lililofeli. Ukinipinga, leta hoja. Matusi weka kwa mfuko.