Akiba ya Angani na Akiba ya Ufukweni

Ndege ya abiria huruka na vitu vingi ambavyo mwenyewe huomba visije vikahitajika. Mbele ya rubani, kando ya skrini kubwa, mna vipimo vidogo vya akiba: cha mwendo, cha kimo, na cha kuonyesha iwapo ndege imelala upande. Dira ya sumaku haihitaji umeme kabisa. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta karibu na Komoro, injini zote mbili zikazima. Pangaboi dogo lililojitokeza nje likazungushwa na upepo, likampa rubani nguvu ya kuiongoza mpaka baharini. Hata hivyo, kati ya watu 175 walifariki 125. Baadhi yao walijaza hewa jaketi okozi wakiwa bado ndani. Maji yakawanyanyua hadi darini, wasiufikie mlango.

Nasi wa Kagera tunayo yetu. Novemba 6, 2022, asubuhi ya mvua, ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafariki 19. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, Allah awalipe kheri. Lakini mvuvi yuko ziwani kutafuta riziki, na siku nyingine huwa mbali. Kiwanja kilichopakana na maji hakina budi kuwa na boti ya uokoaji yenye mafuta tayari, na wapiga mbizi ambao mitungi yao imejaa, kila saa ambayo ndege inatua au kuruka. Viongozi wetu waulizwe jambo hili hata pasipokuwa na msiba.

Wapo wasemao kuwa ajali ni kadari, basi maandalizi ya nini? Huko si kutawakali, ni uvivu uliovishwa kanzu.

Wazazi wa Muleba mnaovusha watoto kwenda Bumbire na Ikuza, mnaikumbuka MV Bukoba ya Mei 21, 1996. Mwulizeni nahodha jaketi la kimo cha mtoto kabla hamjapanda, afungwe kabla mashine haijawashwa. Jaketi lililokaliwa kama mto halivaliki mtumbwi ukishapinduka. Kwenye ndege ni kinyume kidogo: hesabuni viti mpaka mlangoni, vaeni jaketi, na kamba ya hewa msiivute mpaka mmefika mlangoni mnatoka.