Mtoto apewe mkebe kabla hajaokota chuma porini

MAKOBOLA, Kivu Kusini – Saa za jioni, kando ya barabara ya taifa namba 5, watoto wa Makobola hutoka na magari yao. Bodi ni mkebe wa sardini. Magurudumu yamekatwa katika sapatu iliyochakaa. Ekseli ni spoku ya baiskeli. Wengine hufunga mikebe mitatu au minne kwa waya, mmoja nyuma ya mwingine, wakaita gari la moshi. Gari la moshi lenyewe hawajawahi kuliona.

Mara moja moja hupatikana mtoto aliyeletewa gari la plastiki kutoka sokoni Uvira, tayari lina mota na betri. Gari hilo halimalizi siku nyingi likiwa zima. Betri zikiisha na pesa ya kununua nyingine ikikosekana, mtoto hufungua skrubu kwa ncha ya kisu, hutoa mota na kuifunga kwenye mashua ya povu. Halafu huomba betri kuukuu ya tochi kwa jirani, na gari la jana leo linaogelea ziwani.

Wazazi wengi wanaona hapo uharibifu. Mtoto hupigwa kofi na kuambiwa kwamba kitu kilichonunuliwa kwa pesa hakifunguliwi. Tena katika familia zilizohama, ambako kila franga inahesabiwa, hasira hiyo inaeleweka. Lakini kofi hilo linapiga mahali pasipofaa. Mtoto anayefungua gari ili aone kinacholizungusha hajaharibu kitu. Ameanza kazi. Jambo la kumuuliza ni lingine: chuma chake anakitoa wapi?

Swali hilo ndilo linalopaswa kuwanyima usingizi wazazi wa Makobola na wa kandokando yote ya ziwa, kutoka Uvira mpaka Baraka. Eneo hili limepigwa vita mara nyingi. Wakaaji hawajasahau mauaji ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, na baada ya hapo bunduki hazikunyamaza kwa muda mrefu. Vita vinapoondoka huacha chuma: maganda ya risasi, vipande vya bomu, na vitu ambavyo havikulipuka siku vilipotupwa. Shaba nyeupe na nyekundu hung'aa majanini. Kwa mtoto anayetafuta kipande cha bomba kwa ajili ya gari lake, ganda la risasi ni mali. Hawezi kujua kwamba kilicho pembeni yake, chenye umbo linalokaribiana nalo, ni kichwa cha gurunedi.

Methali inasema mtoto akililia wembe mpe. Hiyo ni ya mahali ambapo wembe hukata kidole tu. Hapa wembe unaweza kulipuka, ukachukua mkono, macho, na ndugu watatu waliokuwa wamesimama karibu kutazama.

Kuna watakaosema: watu wanalala chini ya turubai, unga haupo, na ninyi mnazungumza vitu vya kuchezea. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mwisho. Chakula kinapokosekana watoto hawaachi kucheza. Wanachezea mbali zaidi na nyumbani, kwa sababu mama yuko shambani kwa watu akitafuta kibarua na shule imefungwa au imejaa familia. Familia iliyohama haijui udongo wa mahali ilipofikia. Mwenyeji anajua kilima fulani kilikuwa na kambi ya askari, mgeni hajui. Kwa hiyo mtoto wa familia iliyohama ndiye aliye karibu zaidi na hatari, naye ndiye asiye na mkebe wa kuchezea nyumbani.

Kukataza peke yake hakutatosha. Mwaka baada ya mwaka watoto huambiwa wasiguse, na bado wanagusa, maana wanahitaji chuma. Dawa ni kuwapa chuma ambacho hakiui, pamoja na mtu mzima wa kuwaonyesha.

Na ziwa hili linajua kwamba kugeuza mashine ni kazi ya heshima. Meli Liemba, ambayo wazee wengi wa Uvira na Kigoma wanaijua, ni mashine iliyogeuzwa. Ilitengenezwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupandishwa mpaka Kigoma. Iliteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliokuwa wakishindwa vita waliizamisha wenyewe, ila mafundi walipaka mashine zake grisi nyingi kwanza, ili siku moja aje mtu wa kuziamsha. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilitembea kwa mvuke. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ilitolewa, ikawekwa injini za dizeli, na meli ikaendelea kubeba watu na samaki.

Reli nayo ilikuwepo hapa hapa. Wakati wa Wabelgiji, njia ya reli ya Kivu ilitoka bandari ya Kalundu, ikapita bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, zaidi ya kilometa 90. Ilifungwa kabla ya uhuru. Upande wa kusini, reli kutoka Kabalo ilifika ziwani kwenye mji unaoitwa leo Kalemie mwaka 1915. Basi mtoto anayevuta mikebe minne na kuiita gari la moshi, bila kujua, anarudisha kitu kilichokuwa cha kwao.

Ulaya kuna watu wazima, wengine wamestaafu kazi za kiwandani, ambao hununua gari la moshi dogo la kweli, linaloenea juu ya meza, lenye tangi la maji, moto na mvuke. Kampuni ya Mamod ya Uingereza iliuza magari ya namna hiyo yakiwa tayari kuwashwa. Wanunuzi wengi hawakuridhika. Moto wa vidonge vya kuwasha ulikuwa mgumu kuupunguza au kuuongeza, nao wakauondoa na kuweka taa ya spiriti au ya gesi. Mvuke ulifika kwenye pistoni bila kipimo, wakaongeza bomba lenye bilauri ndogo ya kupunguza mwendo. Wengine waliweka saa ya kuonyesha nguvu ya mvuke na chombo cha kudondosha mafuta kwenye silinda. Wengine walisogeza magurudumu yaliyosimama kwenye reli ya milimita 32 ili yakae kwenye reli ya milimita 45. Hakuna aliyewaita waharibifu. Wanaitwa mafundi.

Lakini mafundi hao wana sheria mbili wasizozivunja. Ya kwanza: tangi la mvuke halifungwi kabisa, lazima liwe na vali ya usalama inayofunguka yenyewe nguvu ikizidi. Ya pili: moto uishe kabla ya maji. Sababu ni rahisi. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile yaliyokuwa nayo. Yakifungiwa, yatatafuta njia, na njia hiyo inaweza kupita usoni mwa mtu. Na tangi likikauka juu ya moto, chuma hulegea na maungio huyeyuka.

Sheria hizo zinahusu Makobola pia, kwa sababu watoto wanaoona sufuria ikiinua kifuniko hufikiri haraka. Kuziba mkebe wenye maji na kuuweka juu ya makala ni kutengeneza bomu bila kuokota bomu. Hilo nalo lisemwe waziwazi nyumbani, kanisani, msikitini na redioni.

Ipo namna ya mvuke inayoweza kufundishwa hapa kwa usalama zaidi, na inafaa watu wa ziwa. Ni mashua ndogo ya mshumaa. Mwaka 1891 Thomas Piot alipata hati ya uvumbuzi Uingereza kwa mashua ya aina hiyo. Kitangi chembamba cha bati kinatoa mabomba mawili membamba nyuma, midomo yake ikiwa chini ya maji. Kitangi na mabomba hujazwa maji, na kipande cha mshumaa huwashwa chini yake. Mvuke husukuma maji nje kwa nyuma, mashua inasonga mbele. Mvuke hupoa, maji huvutwa ndani tena, na mchezo unarudia, tuk-tuk-tuk. Mabomba yote mawili yako wazi, kwa hiyo nguvu haifungiwi. Moto wa mshumaa bado unaunguza, na mtu mzima anatakiwa kuwa karibu. Lakini mtoto anayefaulu kuifanya itembee amejifunza kukata bati, kulehemu bila kuacha tundu, na jambo kubwa zaidi: kwamba mvuke huachiwa njia.

Nani afanye? Mashirika ya misaada yana kazi yake, lakini hapa hakuna haja ya kungoja mradi. Makobola na Uvira zina mafundi wa pikipiki, wa redio, wa mota za mitumbwi na wa kulehemu. Kila garaji hutupa bati, waya, mipira ya ndani na spoku. Fundi mmoja akitenga saa mbili za Jumamosi, akiwa na watoto kumi, nusu wenyeji na nusu wa familia zilizohama, hatapoteza mkate wake. Mabaki anayoyatupa yawekwe katika gunia moja linalojulikana. Mtoto anayehitaji chuma akichukue hapo. Wazazi nao wakusanye mikebe, na wapige kingo zake kwa jiwe zisikate vidole.

Sharti la kuingia liwe moja, na kila mtoto alirudie kwa mdomo kabla hajapewa hata mkasi: kitu cha chuma usichokijua hukigusi, hukirushii jiwe, hukichomi moto. Unasimama, unarudi kwa njia ile ile uliyojia, unawazuia wenzako, unamwambia mtu mzima. Mtu mzima naye asikiokote ili kuonyesha ushujaa. Ampelekee habari chifu wa kijiji, na mahali pale pawekwe alama kwa mbali mpaka wenye ujuzi wafike. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao wana deni hapa. Mtu anayepokea ganda la risasi kutoka mkononi mwa mtoto na kumpa franga, amemtuma arudi porini kutafuta jingine.

Walimu wanaweza kusaidia bila kuongeza somo jipya. Gurudumu lisilo duara linafundisha hesabu. Mota iliyotolewa kwenye gari la plastiki inafundisha umeme kuliko mchoro ubaoni. Na mtoto aliyehama, asiyejua bado Kifuliru wala Kibembe cha wenzake, huongea vizuri kwa mikono akiwa ameshika bisibisi.

Pia kuna jambo ambalo vijana wenyewe wanalijua. Makundi yenye silaha hutafuta watoto wasio na kazi ya mikono, yakawapa chuma cha aina nyingine na kuwaambia sasa wamekuwa watu. Saa mbili za Jumamosi hazitamaliza vita. Lakini kijana ambaye wenzake wanamwita fundi, ana jina tayari. Hahitaji kulitafuta mlimani.

Kwa hiyo mzazi anayemkuta mwanawe amefungua gari la plastiki asianze na kofi. Amuulize kwanza limefunguliwa vipi na kinachokosekana ni nini. Kikikosekana chuma, waende pamoja mpaka kwa fundi. Hapo Makobola itakuwa imemweka mtoto wake mahali ambapo macho ya watu wazima yanamfikia.