Aliyepona Apewe Kazi

Ndugu zangu wa Kahama, Geita, Katoro, Nyarugusu na machimbo yote ya ukanda huu wa dhahabu, nina neno nanyi kuhusu watu wanaorudi. Nawasema wale waliougua akili, wakapelekwa Bugando kule Mwanza au Mirembe kule Dodoma, wakatibiwa, wakarejeshwa nyumbani na mfuko wa dawa mkononi. Mimi ni mmoja wao. Niliugua nikiwa kijana mwenye nguvu na mwenye fungu lake kwenye mgao wa duara, yaani shimo la dhahabu, na sasa nimepata nafuu ya kutosha kuandika haya bila haya.

Hospitali ilinituliza. Ilinirudishia usingizi, ikazinyamazisha sauti, nikaweza tena kula sahani ya ugali bila kushuku aliyeupika. Lakini kutulia ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki iko mikononi mwa ndugu, jirani na mwajiri, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Tazameni tunavyozika. Akifa mtu hapa Usukumani, hata awe mgomvi kiasi gani, wanaume watachimba kaburi, wanawake wataleta unga, kuni na maji, daftari la michango litapita nyumba kwa nyumba, na asiyeonekana msibani atasemwa mpaka ajute. Akirudi mtu kutoka Mirembe, nani humpelekea hata kibaba cha unga? Watu huja, sikatai, lakini huja kutazama. Wakishaona hapigi mtu wala havui nguo, hamu inawaisha, wanakwenda zao.

Mwaka 2015 wachimbaji walifukiwa na kifusi huko Nyangalata, Kahama. Walio hai walipotolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi, nchi nzima ilishangilia, na ilistahili. Anayetoka kwenye giza la akili naye katoka shimoni, ila yeye hupokewa kwa minong'ono, na watoto huitwa ndani.

Chanzo cha minong'ono hiyo tunakijua. Bado tunaamini kwamba akili haiugui, akili hurogwa. Mama yangu alianzia kwa mganga, ng'ombe wakauzwa, na simlaumu hata kidogo. Mganga alikuwa karibu, tena alimkalisha na kumsikiliza, jambo ambalo mhudumu mwenye foleni ndefu hana nafasi ya kulifanya. Ubaya wa uganga wa namna ile uko kwenye kumtafuta aliyeroga. Mtajwa hakosekani: ni mwanamke, mzee, anakaa upande wa machweo, macho mekundu. Shinyanga yetu inafahamu vizuri mafumbo hayo yamewafikisha wapi bibi zetu, ambao macho yao yaliiva kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, basi. Kikongwe akikatwa mapanga, mgonjwa anabaki na ugonjwa wake palepale, na juu yake damu ya mtu.

Halafu kuna suala la dawa. Mgonjwa akitulia miezi michache, nyumba nzima huanza kusema: si umeshapona, vidonge vya nini tena? Nasi wenyewe tunapenda kusikia hivyo, maana dawa hizi zina adha. Zinalegeza mwili, nyingine zinatetemesha mikono, nyingine zinanenepesha. Lakini wangapi kati yetu wanameza dawa za kufubaza virusi vya ukimwi kila siku, wanalima, wanachimba na kusomesha watoto, na hakuna anayewaambia waache kwa kuwa wananawiri? Adha ya dawa inasemwa kwa daktari, naye anaweza kupunguza au kubadilisha. Kuacha kimyakimya ndiko kunakoturudisha wodini.

Sasa nije kwenye kazi, ambayo ndiyo kilio changu hasa.

Wenye maduara hunijibu hivi: nitamshushaje kwa kamba mtu aliyewahi kuchanganyikiwa, akijiangusha je? Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayesinzia kwa dawa asishushwe duarani, wala asiwekwe zamu ya usiku, kwa sababu kukosa usingizi peke yake kunatosha kuuamsha ugonjwa. Asichome dhahabu kwa zebaki, maana mvuke wake hushambulia mishipa ya fahamu, huleta kutetemeka, hasira za ghafla na usahaulifu hata kwa mtu aliyekuwa mzima. (Wanaochomea ndani ya nyumba, watoto wamelala pembeni, wasidhani nimewasahau.) Wala asilipwe kwa gongo. Serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali mwaka 2017, lakini kiu ya machimboni haikupigwa marufuku.

Je, machimbo ni kushuka shimoni tu? Nani anahesabu mifuko ya mawe karashani? Nani anateka maji mwaloni kunakooshwa dhahabu, analinda mitambo mchana, anachoma chapati asubuhi kabla watu hawajashuka? Kazi hizo zipo, na aliyepona anaziweza. Apewe kwa ujira uleule wanaopewa wengine. Nimeona mtu akibebeshwa mawe kutwa nzima, jioni anapewa sahani ya wali na kuambiwa ashukuru. Huo ni wizi.

Wala sijabuni jambo jipya. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliwapangisha wagonjwa kwenye vijiji vilivyo jirani na hospitali ya Aro, Abeokuta, kila mmoja na ndugu yake. Walitibiwa, na walifanya kazi mashambani pamoja na wenyeji. Sisi wenye sungusungu iliyozaliwa hukuhuku, tunaoweza kukusanya kijiji kizima kwa yowe moja ng'ombe wakiibwa, tunashindwaje kupanga zamu ya kumsindikiza mtu mmoja kliniki mara moja kwa mwezi?

Nanyi wenzangu mliopona, msikae mkingoja kuhurumiwa. Chagueni mtu mmoja mnayemwamini, mfundisheni dalili zenu akili ikiwa imetulia. Zangu ni hizi: nalala saa mbili tu na kuamka bila uchovu, nagawa pesa hovyo, naanza kusikia watu wa redioni wakinitaja. Mke wangu anazijua zote tatu. Tulikubaliana nikiwa mzima kwamba akiniambia twende hospitali navaa viatu, na mabishano tunayaweka mpaka tutakaporudi.