Usinitumie skripti yenye namba ya diski

Tangu Microsoft wafunge huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, inboksi yangu ina swali moja tu: nawekaje Linux kando ya Windows bila kupoteza vitu vyangu? Naelewa. Laptopu nyingi tunazonunua huku, kuanzia Mtwapa mpaka Malindi mjini, ni za mkono wa pili kutoka ng'ambo. EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, mashine ngumu ambazo bado zina maisha. Lakini prosesa zake ni kizazi cha sita cha Intel, na Windows 11 inataka kuanzia cha nane. Kwa hivyo watu wanagawa diski. Na siku hizi mtu akitaka kugawa diski anaomba skripti kwenye grupu, anapesti, anabonyeza Enta, basi.

Hapo ndipo nina neno.

Skripti yenyewe sina ugomvi nayo. Naipenda kuliko kubonyezabonyeza mausi, kwa sababu ni maandishi. Unaandika kwa Notepad, unaiita gawa.txt, halafu kwenye lile dirisha jeusi, ukiwa admini, unaandika diskpart /s gawa.txt. Ile inayozunguka sana huwa hivi:

select disk 1
clean
convert gpt
create partition primary size=204800
format fs=ntfs label=KAZI quick
assign letter=K

Mistari sita. Chagua diski, futa ramani yake, chora ramani mpya ya GPT, kata kipande cha GB 200 (hesabu huenda kwa MB, ndiyo maana 204800), fomati, ipe herufi. Unaweza kumtumia rafiki yako anayesoma kompyuta Pwani University akaisoma kabla hujaiendesha. Mausi huwezi kumtumia mtu aisome.

Sasa rudi mstari wa kwanza. Diski 1 ya nani?

Hiyo 1 si jina la diski. Ni nafasi kwenye foleni. Windows inahesabu kuanzia 0, na ukichomeka fleshi au hard disk ya nje, foleni inaweza kubadilika. Diski 1 kwangu ni kitu kingine kabisa kwako. Na ule mstari wa pili, clean, hauulizi "una uhakika?" Hauulizi chochote. Unasoma, unafuta, unakuambia imefaulu.

Kinga ipo, lakini ni nusu. Ukiwa ndani ya Windows yako, diskpart inakataa kufuta diski ambayo Windows hiyo inatumia. Ila mafundi wengi huwasha mashine kwa fleshi ya kuinstoli, na hapo Windows yako imelala, haina wa kuitetea. Hard disk ya nje ndiyo kabisa, kinga hiyo haiigusi.

Kuna dada mmoja wa Malindi anarekodi harusi, upande wa wanawake. Mnajua kupamba kulivyo: mwanamume haingii ukumbini, mara nyingi hata simu zinazuiwa mlangoni. Video yake ndiyo video pekee iliyopo. Alipeleka laptopu kwa fundi, akaiacha na hard disk yake ya nje ikiwa imechomekwa. Fundi akawasha kwa fleshi, akapesti skripti aliyoitoa kwenye video fulani. Kwa mwenye video, diski 1 ilikuwa diski tupu. Kwa huyu dada ilikuwa harusi tatu. Hapakuwa na virusi, diski haikuwa mbovu. Skripti ilifanya kazi vizuri kabisa.

Clean peke yake hufuta ramani tu, data inabaki chini yake. Programu ya bure inayoitwa TestDisk, ya Christophe Grenier, mara nyingi huipata ile ramani, mradi hujaandika kitu kipya juu. Lakini skripti ilikuwa ishafomati, na fundi kishaanza kukopi filamu ndani. Tukabaki na PhotoRec, ndugu yake TestDisk, ambayo huokota faili moja moja bila majina yake. Hina ya bibi harusi mmoja ilirudi. Kupamba hakukurudi. Haya, nenda kamweleze mama wa bibi harusi habari za diski 1.

Na bado sijagusa lile la video za kupamba kukaa dukani kwa mwanamume siku mbili. Hiyo peke yake inatosha kukufanya ujifunze kugawa diski yako mwenyewe, chumbani kwako, mlango umefungwa.

Msiniambie Linux iko salama zaidi. Kule kuna parted -s, na hiyo s maana yake ni kwamba haitakuuliza kitu. Majina ya sda na sdb nayo yanaweza kubadilishana ukizima na kuwasha. Angalau Linux ina njia nzuri: folda ya /dev/disk/by-id, ambapo diski inaitwa kwa modeli na namba yake ya kiwandani. Hilo ni jina, si nafasi kwenye foleni. Na kabla hujagusa chochote, sfdisk -d inakutolea ramani nzima ya diski kwa maandishi. Ihifadhi kwenye fleshi nyingine.

Kwa Windows, angalia kwanza: list disk, kisha select disk na namba unayoshuku, kisha detail disk. Itakuonyesha modeli na herufi zilizo ndani. Linganisha ukubwa pia. Usishtuke ile ya 1TB ikionyesha 931GB, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Halafu kitu ambacho video za sekunde 30 hazisemi: wengi wenu hamhitaji clean hata kidogo. Una C moja imejaza diski nzima na unataka nafasi ya Linux? Select volume C, halafu shrink querymax ikuambie inaweza kupungua kiasi gani, halafu shrink desired=102400 uachiwe karibu GB 100 tupu. Vitu vyako vinabaki. Weka ufunguo wa BitLocker karibu kama diski imefungwa nao, na usianze kama betri imekufa, maana stima za huku mnazijua. Na nakala ya vitu vyako iwe nje ya hiyo mashine. Vipande viwili vya diski moja ni diski moja: laptopu ikitumbukia Kilifi Creek, C na K zinazama pamoja.

Najua kuna atakayesema nawapa wanaoanza kazi ngumu, kwamba wao wanataka kupesti tu. Kazi gani? Ni tarakimu moja. Ninachokataa ni mtu kujaziwa hiyo tarakimu na mtu ambaye hajawahi kuiona laptopu yake. Sisi tunaotengeneza video ndio tumeharibu, kwa sababu sehemu ya kuangalia haivutii, tunaikata, tunaacha sehemu ya mistari kukimbia kwenye skrini.

Kwenye ukurasa huu skripti zitakuja hivi: select disk ____. Ukiiendesha bila kujaza, diskpart itatoa kosa na kusimama hapohapo, haitafika clean. Ukinitumia meseji "bro nitumie ambayo imejazwa", sijibu.

Wiki ijayo naweka ya Linux. Kama kwenye grupu lenu kuna skripti inazunguka, nitumieni kabla hamjaiendesha, nitaisoma hapa mstari kwa mstari. Jina la aliyeiandika nitalificha.