Nani Aliyemvuta Keino?

Juma lililopita, baada ya sala ya Ishaa, tulikuwa tumekaa barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa, twanywa kahawa chungu, ukazuka ubishi. Ubishi wetu aghalabu huwa wa mashairi au wa kandanda ya Uingereza, lakini usiku huo ulikuwa wa mbio. Kijana mmoja alikuwa akitazama kwenye simu yake picha za zamani za Kipchoge Keino akishinda mita 1500 kule Mexico mwaka 1968. Akauliza, "Ami, huyu Mkenya mwengine aliyeanza mbele mbona amepotea?" Mzee mmoja akamjibu bila hata kutazama: "Alichoka huyo. Hakuwa na pumzi."

Nikasema hapana, mzee wangu, hakuchoka kwa kukosa pumzi. Alichoka kwa kusudi. Wakacheka wote. Nikaona si haki maneno hayo yaishie barazani pamoja na makapi ya tende, ndiyo maana leo nayaleta kwenu wasomaji.

Mtu yule ni Ben Jipcho, aliyefariki mwaka 2020. Ili tujue alilolifanya, hatuna budi kwanza kujua Keino alikuwa akimwogopa nani. Alikuwa akimwogopa Jim Ryun wa Marekani. Mwaka 1967, huko Los Angeles, Ryun alimwacha Keino huyu huyu nyuma na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 33.1. Silaha ya Ryun ilikuwa mwendo wake wa mwisho. Ukifika naye bega kwa bega kwenye mita 200 za mwisho, basi wewe umekwisha. Juu ya hayo, Keino alifika katika fainali ile akiwa mgonjwa. Mfuko wa nyongo ulikuwa ukimtesa, na siku chache kabla yake aliangukia uwanjani katika mita 10,000. Kisha akakimbia mita 5,000 akapata fedha nyuma ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia, kwa tofauti isiyotimia hata nusu sekunde.

Na Mexico si Mombasa. Mji ule uko yapata mita 2,240 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ryun alipiga hesabu ya mtu mwenye akili: katika hewa kama ile, atakayekwenda mbio mwanzoni atalipishwa mwishoni. Akaona dakika 3 na sekunde 39 zatosha kumpa dhahabu. Hesabu yake haikuwa mbovu, maana hatimaye yeye mwenyewe alikimbia 3:37.8, upesi kuliko alivyokadiria. Kosa ni kwamba aliwahesabia wenziwe kama kila mmoja amekuja peke yake.

Ilipolia bastola, Jipcho akaondoka kama mtu aliyesahau kwamba mizunguko ni karibu minne. Mita 400 za kwanza alizikata kwa yapata sekunde 56. Kwa hewa ya Mexico hiyo ilikuwa kasi ya wazimu, na Ryun aliichukulia kuwa wazimu kweli, akakaa nyuma kuwangojea wafe. Keino akafuata, kisha akaushika uongozi mwenyewe, na hakuuacha tena. Mwendo wa mwisho wa Ryun ulipokuja, nao ulikuja, hapakuwa na mtu wa kumkamata. Keino alikuwa ameshatangulia mbali, akamaliza kwa 3:34.9, mbele ya Ryun kwa kiasi cha mita 20. Jipcho alikuwa wa kumi.

Sasa huenda msomaji wa pwani akaniuliza: kumtangulia mtu kwamsaidia nini? Sisi tunaojua mashindano ya mashua twaona kinyume. Mashua ikikaa nyuma ya tanga la mwenziwe hukosa upepo, tanga likalegea, na nahodha akabaki akilaani. Lakini mwanadamu hasukumwi na upepo, yeye hushindana nao. Katika kasi ya mita 7 kwa sekunde hewa ni ukuta, na aliye mbele ndiye auvunjaye. Wa nyuma hupita palipokwisha kubomolewa. Na liko jambo jingine, nami naliona kubwa zaidi: wa nyuma hahitaji kufikiri. Wa mbele kila hatua ajiuliza, je, naenda sawa, au najiua? Wa nyuma hutazama mgongo tu.

Chuoni mwalimu wetu alikuwa mkali sana katika jambo la pumzi. Mtoto akiianza aya kwa pupa ili amalize upesi, pumzi humwishia katikati, akasimama pasipofaa kusimama, na kiboko kikamkumbusha. Alitufundisha kuanza tukijua tutasimama wapi. Mbio za mita 1500 ni hivyo hivyo: fupi kiasi cha kumtia mtu tamaa, na ndefu kiasi cha kumwadhibu aliyetamani. Ndiyo maana nasema Jipcho hakukosa pumzi. Alijua tangu mwanzo pumzi yake itaishia wapi, akaitumia yote kwa ajili ya mwengine.

Hapo yule mzee akanishika. "Basi walimhadaa Mmarekani," akasema, "na hadaa ni hadaa." Sikuweza kumjibu upesi, kwa sababu Jipcho mwenyewe baadaye alimwomba radhi Ryun. Kwa nini mtu aombe radhi kama hakukosa? Nimelifikiri jambo hili juma zima. Hadaa haikuwako. Jipcho alikimbia mbele ya macho ya watu, hakumsukuma mtu wala hakumkanyaga, na Ryun alikuwa huru kumfuata. Lakini sisi tuliosoma chuoni twajua uzito wa nia. Watu waliosimama kwenye mstari ule walidhani wote wana nia moja, ya kushinda, kumbe mmoja wao nia yake ilikuwa nyingine. Nafikiri hilo ndilo lililomkera Jipcho, na namheshimu zaidi kwa kukereka huko. Wala hakuwa mtu mdogo wa kutumwa. Mwaka 1972 kule Munich alipata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino tena, na mwaka 1974 kule Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitwaa dhahabu mbili, ya viunzi na maji na ya mita 5,000.

Na Christchurch ndiko alikotokea jirani yetu Filbert Bayi wa Tanzania kuonyesha kwamba mtu aweza kujivuta mwenyewe. Katika fainali ya mita 1500 alitoka mbele tangu mwanzo, akaongoza mpaka mwisho, na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, naye aliivunja rekodi ya zamani ya Ryun, na wa tatu alikuwa Jipcho huyu huyu, kwa 3:33.2. Bayi aliwavuta wote pasipo kukusudia kumvuta yeyote. David Rudisha alifanya jambo la namna hiyo London mwaka 2012 katika mita 800. Aliongoza toka mwanzo, akamaliza kwa 1:40.91, na aliyeshika mkia siku ile alikimbia 1:43.77, muda ambao ungalimpa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia.

Lakini akina Bayi na Rudisha wa London ni wachache. Nyingi katika rekodi zetu zina mtu wa mbele aliyelipwa aongoze mizunguko miwili kisha atoke. Wazungu humwita sungura. Magazeti yetu humwita mdhibiti kasi. Rudisha mwenyewe alipovunja rekodi mara mbili mwaka 2010, Berlin na kisha Rieti, mbele yake alikuwako Sammy Tangui. Ni wangapi barazani petu waliolijua jina hilo? Niliuliza. Hakuna.

Na wavutaji hawa si wote waliokubali kubaki wavutaji. Mwaka 1998 kule Roma, Hicham El Guerrouj wa Morocco aliweka rekodi ya mita 1500, 3:26.00, ambayo hadi naandika haya haijavunjwa. Mmoja wa waliomvuta usiku ule alikuwa kijana wa Kenya ambaye hajatimiza miaka 20, Noah Ngeny. Miaka miwili baadaye, Sydney, walikutana katika fainali ya Olimpiki. Safari hiyo El Guerrouj alivutwa na Mmorocco mwenziwe, Youssef Baba, na Ngeny akawa nyuma yake, akiutazama mgongo alioujua vizuri. Karibu na mwisho akampita na kushinda kwa robo ya sekunde. Nakiri kwamba wengi wetu pwani tulikuwa tukimpenda El Guerrouj, kwa sababu zinazojulikana, na barazani usiku ule nyoyo ziligawika. Mimi nilifurahi na kuhuzunika kwa pamoja, hali ambayo hata shairi haliiwezi.

Hapa ndipo nina ugomvi na mambo ya siku hizi. Tangu miaka hii ya karibuni, katika mashindano makubwa ya Ulaya, zimetiwa taa kandokando ya kiwanja zinazokimbia kwa kasi iliyopangwa, na mkimbiaji huzifuata kama nondo. Juni mwaka 2025, Paris, Faith Kipyegon wetu alijaribu kukimbia maili chini ya dakika 4. Alizungukwa na wakimbiaji 13, wanaume na wanawake, wengine mbele na wengine nyuma, wamkinge na hewa. Alikimbia upesi kuliko rekodi yake ya 4:07.64, lakini haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa sababu ya taratibu hizo zisizo za kawaida. Ushujaa wake siutilii shaka hata kidogo. Siku chache baadaye, Eugene, alikimbia mita 1500 kwa 3:48.68, rekodi halali. Wala siwalaumu wale 13, maana angalau wana majina na miguu inayouma. Taa ndiyo siipendi. Taa haina nia. Haiwezi kuchoka kwa ajili ya mtu, wala haiwezi kughairi na kushinda yenyewe, kama Tom Byers alivyofanya Oslo mwaka 1981: aliwekwa avute, wakubwa wakampuuza, akaendelea mbele peke yake hadi akamaliza wa kwanza, na bingwa Steve Ovett nyuma yake.

Ninalotaka ni dogo, na naliandika hapa ili wahusika walione. Katika vitabu vya shule na katika orodha za rekodi za nchi hii, kando ya jina la aliyeshinda liandikwe jina la aliyemvuta, pale anapojulikana. Keino apate sifa zake zote, hapunguziwi kitu. Lakini mtoto asomaye habari ya Mexico asome na ile mita 400 ya kwanza, na aliyeikimbia.

Nilipokwisha kusema hayo, yule kijana akairudisha picha mwanzo, na safari hii wote tukainama juu ya simu, hata yule mzee, kumtazama Jipcho. Tulimwona mzunguko wa kwanza. Kisha kamera ikaenda na Keino.